Mchezo kama Shule ya Kwanza: Michezo ya Watoto na Kujifunza Kiswahili Kisumu na Ufuoni mwa Ziwa Viktoria

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya mchezo katika kujifunza kwa mtoto mdogo, hususan kujifunza Kiswahili, katika mji wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Hoja kuu ni kwamba mchezo wa mtoto ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo ndizo njia nyepesi ya kumpitisha mtoto wa Kiluo katika mambo matatu yanayomtatiza: sauti zisizopatikana katika Dholuo, upatanisho wa kisarufi, na matumizi ya lugha kulingana na muktadha. Aidha, makala yanajadili pingamizi la wazazi dhidi ya mchezo darasani na kupendekeza wajibu wa mwalimu wa awali na wa mwanafunzi wa Kiswahili katika suala hili.

1.0 UTANGULIZI

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika ufuo wa Ziwa Viktoria, ambako samaki ni kitoweo na ni riziki, methali hii haihitaji mfafanuzi. Kila mtoto wa Dunga, Usenge au Mbita ameona samaki aliyekaushwa akikatika vipande mara tu anapolazimishwa kupinda. Hata hivyo, methali hii hutumiwa mara kwa mara kutetea jambo ambalo haikulisema, yaani kwamba mtoto wa miaka minne aketishwe kwenye dawati tangu asubuhi, apewe penseli, akariri silabi zilizoandikwa ubaoni na kisha apewe mtihani. Methali inaagiza samaki akunjwe, haiagizi avunjwe.

Suala hili linawahusu wasomi wa Kiswahili kwa njia ya pekee. Mtoto anayezaliwa katika kijiji cha Waluo kando ya ziwa huanza maisha yake kwa Dholuo, lugha ya Kiniloti isiyo na uhusiano wa nasaba na Kiswahili. Anayezaliwa katika mitaa ya Kisumu kama vile Nyalenda, Manyatta au Kondele husikia Dholuo nyumbani, na Kiswahili sokoni na barabarani. Wote wawili hukutana na Kiswahili kama somo mara wanapoingia darasani. Iwapo mkutano huo wa kwanza utakuwa wa kukemewa kwa kutamka vibaya, mtoto atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya kukosea. Chuki ya somo ambayo walimu wa shule za upili hulalamikia huenda ilipandwa miaka kumi kabla, katika darasa la watoto wadogo. Hapana budi, basi, kuuliza ni kwa njia gani mtoto huyu anaweza kukutana na Kiswahili bila hofu. Jibu linalotolewa hapa ni kwamba njia hiyo ipo tayari mikononi mwake, nayo ni mchezo.

2.0 DHANA YA MCHEZO

Mchezo, kama unavyotumiwa katika makala haya, ni shughuli anayoifanya mtoto kwa hiari, katika mahali na wakati uliokubaliwa, kwa kufuata kanuni ambazo wachezaji wenyewe wanazilinda. Sifa ya kanuni ni muhimu, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mtoto anapocheza hufanya lolote limjialo kichwani. Kinyume chake ndicho kweli. Mtoto anayevunja masharti ya tapo au brikicho hutolewa mchezoni na wenzake kwa ukali kuliko ule wa mwalimu yeyote.

Jambo hili liliwavutia wanafikra wa malezi zamani. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha taasisi yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliuweka mchezo kuwa kiini cha elimu yao badala ya kuufanya mapumziko tu. Mrusi Lev Vygotsky, katika mhadhara wa mwaka 1933, alieleza kwamba kila mchezo wa kubuni una kanuni ndani yake: msichana anayejifanya mama hana uhuru wa kutenda apendavyo, bali hulazimika kutenda kama mama atendavyo. Kwa maoni yake, mtoto katika mchezo huweza kufanya mambo ambayo bado hayawezi katika maisha yake ya kawaida. Huweza kungoja zamu, kuzuia hasira na kukumbuka maagizo marefu.

Katika uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili, michezo ya watoto huwekwa chini ya maigizo au sanaa za maonyesho, na mara nyingi hupewa nafasi finyu ikilinganishwa na ngano, nyimbo na methali. Uainishaji huu haukosei, lakini unaficha upana wa jambo lenyewe. Kwa ajili ya mjadala huu, michezo itagawanywa katika makundi matatu: michezo ya sauti na maneno, michezo ya kuhesabu, na michezo ya kuigiza. Kabla ya kuyajadili makundi hayo, ni vyema kutazama jinsi jamii ya Waluo ilivyoutumia mchezo kabla ya kuja kwa darasa.

3.0 SIWINDHE: DARASA LA AWALI KABLA YA SHULE

Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichochapishwa mwaka 1989, wanampa nafasi kubwa mwanamke mzee aliyeitwa pim. Huyu alikuwa mlezi wa watoto, na nyumba yake, siwindhe, ndimo watoto wadogo na wasichana walimolala na kulelewa. Humo walisikia ngano, wakategeana vitendawili, wakajifunza nasaba, adabu na habari za koo nyingine. Mafunzo yalitolewa usiku, baada ya kazi, na sehemu yake kubwa ilikuwa mchezo wa maneno.

Mambo matatu ya siwindhe yanastahili kuzingatiwa na mwalimu wa leo. Kwanza, watoto wa umri tofauti walikaa pamoja, hivyo mdogo alijifunza kwa kumwiga aliyemzidi kidogo. Mtindo huo uliendelezwa mchana na japidi, yaani mtoto mkubwa aliyekabidhiwa kumbeba na kumchezesha mdogo wake. Pili, mtoto alishiriki: ngano ilikuwa na wimbo ulioitikiwa, na kitendawili kilidai jibu. Tatu, kulikuwa na fomula za kufungulia na kufungia. Ngano ya Kiluo huanza kwa "Chon gi lala" na kumalizika kwa "Thu tinda". Asenath Bole Odaga, mwandishi na mtafiti aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Lake Publishers mjini Kisumu, alitumia fomula hiyo ya mwisho kama jina la mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1980.

Fomula hizi zina umuhimu kwa ufundishaji wa Kiswahili. Mtoto aliyezoea "Chon gi lala" anapoambiwa "Paukwa!" na kufundishwa kujibu "Pakawa!" hajifunzi jambo geni. Tayari anajua kwamba kuna mlango wa kuingilia katika ulimwengu wa kubuni. Anachojifunza ni ufunguo mwingine wa mlango ule ule. Vivyo hivyo, anayetegewa kitendawili kwa Kiswahili, akashindwa na kudaiwa mji, anaweza kumpa mtegaji Kisumu, Homa Bay au Kendu Bay, na papo hapo ramani ya nyumbani kwake ikawa sehemu ya utanzu wa Kiswahili. Umilisi wa utanzu huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kwa wepesi kuliko msamiati. Mwalimu anayefahamu hili hatamtaka mtoto aiache fasihi ya nyumbani ndipo aingie katika ya Kiswahili.

Siwindhe kama taasisi imetoweka kwa kiasi kikubwa. Shule, makazi ya mjini na chumba kimoja cha kupanga vimeitawanya familia. Katika mitaa ya Kisumu, mama anaweza kuwa katika soko la Kibuye hadi jioni, nyanya akawa kijijini, na kaka mkubwa akawa na kazi za ziada za shule. Pengo hilo lilianza kujazwa na madarasa ya chekechea, ambayo mengi yalijengwa na wazazi wenyewe kwa moyo wa harambee. Mradi wa elimu ya awali uliotekelezwa katika Taasisi ya Elimu ya Kenya kati ya mwaka 1971 na 1982, kwa ushirikiano na wakfu wa Bernard van Leer, ulijaribu kuyapa madarasa hayo mwelekeo, na mwaka 1984 kukaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo. Baada ya Katiba ya 2010, elimu ya awali ilikabidhiwa serikali za kaunti. Kwa hivyo leo kaunti tano zinazopakana na ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, ndizo zilizorithi kazi ya pim. Swali ni iwapo zimerithi pia mbinu yake.

4.0 MCHEZO NA KIKWAZO CHA LUGHA

4.1 Michezo ya Sauti na Maneno

Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Mtoto anayeanza Kiswahili huzibadilisha kwa sauti zilizo karibu nazo katika lugha yake: shamba huwa "samba", zawadi huwa "sawadi" na viatu huwa "fiatu". Darasani, makosa haya huchekwa, na kicheko hicho humfanya mtoto afumbe kinywa. Hata hivyo, ni bora ieleweke kwamba mtoto huyu ana hazina ambayo watoto wengine wengi wa Kenya hawana. Dholuo ina /th/ na /dh/. Kwa hivyo maneno kama vile thelathini, dhahabu na dhambi, yanayowatatiza watoto wa lugha kadhaa za Kibantu za bara, kwake ni mepesi. Ng'ombe na ng'ambo pia hazimsumbui, kwa kuwa sauti hiyo imejaa katika lugha yake. Mwalimu anayeanza na maneno hayo humpa mtoto ushindi kabla ya kumpeleka penye ugumu.

Penye ugumu, mchezo husaidia kuliko karipio. Chukua jozi ya vua na fua. Ufuoni mwa ziwa vitendo vyote viwili hufanyika kila siku: wanaume huvua samaki na watu hufua nguo. Mwalimu anaweza kuwapanga watoto kwenye duara na kuwaamuru kwamba wakisikia "vua" wavute nyavu, na wakisikia "fua" wasugue nguo. Anayekosea huingia katikati na kuwa mwamuru. Katika mchezo huu mtoto hulazimika kwanza kuisikia tofauti na mwili wake kuijibu. Baadaye, akiwa katikati, hulazimika kuitamka, kwa sababu asipoitamka vyema wenzake watavuta nyavu badala ya kusugua nguo. Kosa linaonekana na kila mtu, lakini halimdhalilishi mtu, kwa kuwa limekuwa sehemu ya mchezo. Jozi kama zana na sana, au shaka na saka, zinaweza kutumiwa kwa watoto wakubwa kidogo.

Vitanza ndimi hufanya kazi iyo hiyo. Utanzu huu unamtaka kila msemaji ateleze, hata mwalimu. Mtoto anapomsikia mtu mzima akijikwaa na kucheka, huondokewa na dhana kwamba kujikwaa ni alama ya ujinga au ya kabila.

4.2 Michezo ya Kuhesabu

Kikwazo cha pili ni upatanisho wa kisarufi. Dholuo haina ngeli za nomino kama za Kiswahili. Nambari haibadiliki kwa sababu ya nomino: ariyo ni mbili, iwe ni ya watoto, ya mitumbwi au ya mawe. Mfuatano wa nomino na nambari unafanana katika lugha zote mbili, kwani "nyithindo ariyo" hufuata mpangilio ule ule wa "watoto wawili". Kinachomshangaza mtoto ni kwamba katika Kiswahili nambari yenyewe huvaa vazi la nomino. Kwa sababu hiyo husema "watoto mbili" na "vijiwe mbili". Ni haki kuongeza kwamba kosa hili si la Waluo peke yao, bali limeenea katika Kiswahili cha miji mingi ya bara.

Mchezo wa ajua, ambao ni ndugu wa bao la Waswahili, unatoa nafasi nzuri ya kulishughulikia. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na kanuni zake ni nzito hata kwa watu wazima. Ajua ya watoto inaweza kuchimbwa ardhini na kuchezwa kwa vijiwe au mbegu. Mtoto huchukua vijiwe katika shimo moja na kuvisambaza, kimoja kimoja, katika mashimo yanayofuata. Kwa kitendo hicho hujifunza jambo la msingi katika hisabati, kwamba kila tamko la nambari lina kitu kimoja tu kinacholingana nalo. Hujifunza pia kutazama mbele na kukisia kijiwe cha mwisho kitaangukia wapi. Kwa upande wa lugha, akicheza kwa Kiswahili hukutana na ngeli tatu katika mchezo mmoja: vijiwe viwili, mashimo mawili, kete mbili. Hapo ndipo "mbili" aliyoizoea inapopata mahali pake halali, na "viwili" na "mawili" zikapata pahali pao, bila yeyote kutaja neno ngeli.

Michezo ya kuruka nayo ina faida yake. Katika blada, wachezaji wawili hunyoosha ukanda wa mpira huku wa tatu akiruka, na ukanda hupandishwa kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi magotini, mapajani na kiunoni. Viungo vya mwili hutajwa kwa kupanda navyo. Watoto wanapohesabiwa ili kugawanywa katika vikundi, Kiswahili hudhihirisha ubainifu wake: mtoto mmoja, watoto wawili, watatu, wanne, watano, kisha sita na saba bila kiambishi, kisha wanane chenye kiambishi, kisha tisa na kumi bila kiambishi. Kueleza kwamba sita, saba na tisa ni maneno yenye asili ya Kiarabu hakumsaidii mtoto wa miaka mitano. Kuhesabiwa hivyo kila siku kabla ya kuruka humsaidia, kwa sababu sikio hukariri wimbo wa hesabu kabla ya akili kuuliza sababu.

Hesabu ya Dholuo pia si ya kutupwa. Mtoto anayesikiliza vyema husikia mwangwi wa achiel, yaani moja, ndani ya auchiel, sita. Na wa ariyo, mbili, ndani ya abiriyo, saba. Ni kama mkono mmoja umekwisha na wa pili umeanza kuhesabiwa. Mwalimu anayewaruhusu watoto wahesabu vidole kwa Dholuo kisha kwa Kiswahili huwapa njia mbili za kuifikia nambari moja.

4.3 Michezo ya Kuigiza

Kundi la tatu ni la kalongo, ambao watoto wa Kenya huuita pia "cha mama". Mahali pengi mchezo huu ni wa kupika na kulea. Ufuoni mwa ziwa huchukua sura ya kazi za pale. Mchanga huwa omena iliyoanikwa, kijiti huwa kasia, kopo kuukuu huwa gorogoro ya kupimia. Yupo mvuvi anayerudi na samaki, yupo mchuuzi, yupo mnunuzi anayelalamika kwamba kipimo hakikujaa na kudai nyongeza.

Kwa jicho la mhakiki wa fasihi, hii ni tamthilia iliyokamilika. Ina wahusika, mandhari, maleba na mgogoro, na mgogoro wenyewe husuluhishwa kwa maneno. Mtoto anayeigiza mchuuzi hulazimika kutumia lugha ya heshima kwa mteja, ya kubembeleza anapotaka kuuza, na ya ukali kidogo anapoona anapunjwa. Hiyo ndiyo sajili, dhana ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huisoma katika isimujamii, na ambayo mtoto huitenda akiwa na umri wa miaka mitano. Aidha, kwa kuwa katika masoko ya Kisumu muuzaji na mnunuzi wasiofahamiana huweza kuanza kwa Kiswahili, mtoto huona kwamba Kiswahili si lugha ya ubao tu, bali ni lugha ya kupatia kitu.

Mchezo wa kuigiza unahitaji uangalizi katika jambo moja. Watoto huiga jamii pamoja na kasoro zake. Wasichana huachiwa kupika na wavulana huenda kuvua kila siku. Mwanaanthropolojia Carol Ember, katika utafiti wake miongoni mwa Waluo wa Oyugis uliochapishwa mwaka 1973, alionyesha kwamba wavulana waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa kawaida zilikuwa za wasichana walitofautiana kitabia na wavulana wengine, hasa kwa kupungukiwa na ubabe. Utafiti huo ulihusu kazi za nyumbani wala haukuhusu mchezo, lakini unadokeza kwamba kazi aifanyayo mtoto humfinyanga. Mwalimu anayebadilisha majukumu katika kalongo, mvulana akawa mchuuzi na msichana akawa nahodha, haharibu mchezo, anaupanua.

5.0 PINGAMIZI LA WAZAZI

Mapendekezo ya aina hii hukutana na sauti inayofahamika: mtoto hakupelekwa shule kucheza. Si haki kuipuuza sauti hiyo. Mama anayeuza omena kwa gorogoro na kulipa karo kutokana na faida ndogo ana haki ya kuuliza anachokinunua. Daftari lililojaa herufi ni ushahidi anaoweza kuushika. Vijiwe katika mashimo si ushahidi. Tena, kwa miaka mingi mfumo wenyewe ulimfundisha afikiri hivyo. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa shule za msingi ulifanywa mwaka 2023, thamani ya shule ilipimwa kwa alama. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo huo, hadhi yake ilipanda, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini athari ya pili ilikuwa kwamba hata watoto wadogo walianza kuandaliwa kwa ajili ya mtihani kabla hawajaandaliwa kwa ajili ya lugha.

Sera za nchi, kwa upande wake, haziupingi mchezo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe katika madarasa ya chini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za mtoto wa mwaka 1989 unatambua haki ya kucheza katika kifungu cha 31, na Kenya iliuridhia mwaka 1990. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022, ilitaja haki hiyo waziwazi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unayaita masomo ya madarasa ya awali "shughuli", na neno hilo lenyewe ni ishara ya mwelekeo mpya.

Hatari iliyopo ni kwamba neno linaweza kubadilika na tendo likabaki lile lile. Mchezo unaochezwa kwa dakika zilizopangwa, kwa amri ya mwalimu, ili kila mtoto aandikiwe alama mwishoni, umepoteza hiari, na bila hiari umekuwa zoezi lenye jina la mchezo. Hatari nyingine ni ya upande wa pili: kuwaachia watoto uwanja na kuita hilo mchezo. Ufuoni mwa ziwa, uwanja usio na mwangalizi una maji yenye kina, viboko na kichocho. Mchezo unaofunza huhitaji mtu mzima aliye karibu, kama pim alivyokuwa karibu.

6.0 WAJIBU WA MWALIMU NA WA MWANAFUNZI WA KISWAHILI

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, mwalimu aandae mazingira kisha aingie mchezoni kama mchezaji. Badala ya kusimama kando na kusahihisha "watoto mbili", awe mnunuzi na aseme, "Nipe samaki wawili." Mtoto atakayempa samaki atakuwa ameelewa, na kesho atasema mwenyewe. Mara tu mchezo unapopata nguvu zake, mwalimu ajiondoe.

Pili, Dholuo isifukuzwe mchezoni. Historia ya shule za Kenya ina kumbukumbu chungu za watoto kuvikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mtoto anayeanza sentensi kwa Dholuo na kuimaliza kwa Kiswahili yuko safarini, na msafiri hachapwi kwa sababu hajafika.

Tatu, vifaa vitoke palepale. Mipira ya mifuko ya plastiki ilikuwa kawaida hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 2017; matambara na kamba hutosha. Udongo wa kufinyanga ng'ombe, mafunjo ya kuundia mitumbwi, vijiwe na makopo havina bei, na mzazi anayealikwa kuvileta huona kwa macho yake kinachofanyika. Akimkuta mwanawe akihesabu vijiwe, akivigawa na kutaja vinavyobaki, atakuwa amepata ushahidi alioutafuta katika daftari.

Nne, na hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, michezo yenyewe ikusanywe. Odaga, pamoja na B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe waliochapisha mkusanyiko wa fasihi simulizi ya Waluo mwaka 1974, walifanya kazi kubwa kuhusu ngano, methali na vitendawili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Nyanza anaweza kuiendeleza kwa kurekodi michezo ya watoto wa mitaa ya Kisumu, ambamo Dholuo, Kiluhya, Kiswahili na Sheng hukutana katika mchezo mmoja. Anapaswa kuandika si maneno tu, bali kanuni, majukumu, vifaa, na lugha inayotumiwa katika kila hatua. Mkusanyiko wa aina hiyo utamfaa mtafiti wa isimujamii na vilevile mwalimu wa awali, ambao ni nadra kukutana katika ukurasa mmoja.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa mtoto na somo la Kiswahili si mahasimu. Sauti, ngeli na sajili, ambazo darasani huja kama sheria ngeni, katika mchezo huja kama masharti ya kushiriki, na mtoto hujifunza kwa hamu masharti ya mahali anapotaka kukubaliwa. Jamii ya Waluo ililifahamu hilo katika siwindhe. Darasa la awali limechukua watoto wa siwindhe. Lisipochukua na mbinu yake, litaendelea kuwapeleka katika shule za msingi watoto wanaoweza kuandika "vua" na "fua" kwa hati nzuri, lakini wanaonyamaza mtu anapowasemesha kwa Kiswahili. Samaki akunjwe angali mbichi, naam, lakini mkono unaomkunja uwe mkono unaomjua samaki.